Tufe la Jego na Ndimu za Waa

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo mbili, wa mlango wa Chumba cha Anga na wa kabati la vifaa. Ule wa mlango hukwama ukiuzungusha kwa pupa. Vuteni mlango kwenu kwanza, ndipo mzungushe. Jambo hilo halimo katika ripoti ya makabidhiano, na nilipoisoma ripoti ile niligundua kuwa mengi niliyoyajua hayamo. Basi nimeketi kuyaandika, kwa ajili yenu mliobaki. Ya vyeo na mishahara tuyaache, hayakuwahi kuwa na utamu wa kusimulia.

Mimi ni mzaliwa wa Waa. Nilipoajiriwa kuwa msaidizi wa mhifadhi katika makumbusho yetu madogo ya Msambweni, nilidhani nitashinda na vinu, mbuzi za kukunia nazi na vigae vya sahani za Kichina. Siku ya kwanza nilielekezwa chumba cha nyuma, nikamkuta mwanamume mrefu, mwembamba, ameshika kipande cheusi cha kitu kama tofali kwa vidole viwili, anakinusa.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba. Njoo ukinuse na wewe. Hiki kilikuwa ngao ya moto, cha kukinga chombo kinaporudi duniani. Huwezi kunusa safari, lakini jaribu."

Huyo ndiye Bwana Nyawa, Mduruma wa Kinango, mtoto wa wafugaji, aliyekuwa fundi katika kituo cha kurushia roketi kilichosimama baharini huko kaskazini ya pwani yetu. Urushaji ulipokoma, alirudi kusini na makasha matatu ya vitu vilivyokuwa vikitupwa: saa ya kuhesabia sekunde za kuruka, vali, nyaya zilizosukwa vizuri kuliko nywele za bi harusi, na kipande cha kifuniko cha pua ya roketi. Akaomba makumbusho wampe chumba. Wakampa kile kilichokuwa kinavuja.

Spana zake zote zilikuwa na kamba. Kule kituoni, ukidondosha spana umeipa bahari, na bahari hairudishi. Kwa hiyo kila kifaa kilifungwa kwenye kifundo cha mkono. Bwana Nyawa aliendelea kuzifunga hata sakafu yetu ya saruji ilipokuwa futi tatu tu chini ya mkono wake, nami nikaambukizwa. Hadi leo penseli yangu ina uzi, na wajukuu wananicheka.

Alinifundisha kutazama. Nilikuwa nikikiona kitu nasema, kizuri. Yeye hunikatiza, "Kizuri ni cha bi harusi. Niambie kimefanya kazi gani." Nikajifunza kusoma mikwaruzo, kutu na alama za moto. Nikajua kwamba mshono wa kulehemu una mwandiko, na kwamba fundi mwenye haraka hutambulika hata baada ya miaka arobaini. Sijawahi kumheshimu mwalimu kama nilivyomheshimu mtu yule, na ndiyo maana jambo ninalotaka kuwaeleza liliniuma kwa muda mrefu hivyo.

Wiki yangu ya kwanza haijaisha, Bwana Nyawa alikwenda Jego, karibu na Vanga, akarudi na gunia. Ndani ya gunia mlikuwa na tufe la chuma, ukubwa wa boga la kiasi, lina midomo miwili midogo, mmoja juu na mmoja chini. Lilikuwa limegandwa na masizi na chumvi. Lilitupwa na maji pwani ya Jego miaka mingi kabla, na Maalim Hamisi, aliyekuwa akisomesha chuo cha Qurani pale, alilitundika kwenye boriti likawa kengele ya kuitia wanafunzi. Maalim hakulitoa kuwa zawadi. Katika fomu yetu, penye "mtoaji", aliandika neno moja, "amana".

"Unajua hiki ni nini?" Bwana Nyawa aliniuliza, macho yanamng'aa. "Hiki kimetoka juu, Riziki. Juu kabisa. Kimeanguka chenyewe, na kimefika kizima."

Akalifunika. Akasema Jumatatu tutalipiga picha na kulichunguza pole pole, kwani karibu na mdomo wa juu ameona kitu kama alama. Mchana ule ule akaletewa habari ya msiba wa nyumbani, akaondoka kwenda Kinango. Nikabaki peke yangu na mgeni mezani.

Sasa lazima mjue siku zenyewe zilikuwa zipi. Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani. Kwetu Waa, siku zile kila chenye asili ya chuma hutolewa uani: masinia, mabirika, vyetezo, hata bawaba za mlango zisizosogea. Vinasuguliwa kwa jivu, ndimu na makumbi ya nazi mpaka uso wako uuone. Mama yangu alikuwa akisema Idi haiingii nyumba yenye masizi. Nami nilikuwa mfanyakazi mpya, nataka kuonyesha kuwa nimelelewa. Nililitazama lile tufe, limechafuka hivyo, nikaona aibu kwa niaba yake.

Asubuhi iliyofuata nilitoka nyumbani na jivu katika kopo, ndimu nane na makumbi. Nikalisugua tufe mpaka adhuhuri, na saumu yangu, jasho linanitiririka. Masizi yalitoka. Chumvi ikatoka. Karibu na mdomo wa juu palikuwa na vimistari vyeusi vilivyokataa kutoka, vimejipanga kama herufi. Nikaviongezea ndimu. Navyo vikatoka.

Jumatatu Bwana Nyawa alifunua gunia. Tufe liling'aa kama sinia la pilau. Akainama, akalizunguka polepole, akafika kwenye mdomo wa juu, akapasugua kwa kidole gumba.

"Palikuwa na alama hapa."

Nikajifanya nafuta meza.

"Hizo ndizo zilizokuwa jina lake. Kwazo tungejua ni la nani, limepanda lini, limebebwa na roketi gani. Nani amelisugua?"

Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili, na kosa hili halikuwa la malezi. Nilisema, "Labda kule chuoni, bwana. Watoto wa Maalim. Huenda walilisafisha kabla ya kulitoa."

Bwana Nyawa mwenyewe ndiye aliyelibeba na masizi yake kutoka Jego, kwa mikono yake. Aliinua tufe, akalinusa kama alivyonusa lile tofali siku ya kwanza. Akaliweka chini.

"Watoto wa Jego wana ndimu nzuri," akasema.

Akafungua kabati, akatoa glavu nyeupe za pamba, akaziweka mbele yangu, kisha akaniambia kwamba kuanzia siku ile kitu chochote kikiingia, siku saba hakiguswi, kinatazamwa tu. Amri hiyo mmeikuta, na nyote mmewahi kuilalamikia. Sasa mnajua ilitoka wapi. Kuhusu lebo, alinipa mimi niipige taipu, akanambia niandike ninachokijua. Nikaandika: "Alama za asili zilifutika tufe lilipokuwa likitumika Jego." Akaisoma, akaitundika. Alinisitiri, na sitara ile ilinichoma kuliko kama angenifokea mbele ya watu.

Kazi iliendelea. Kwa miaka mingi nilikuwa nikisimama mbele ya tufe lile kuwaeleza wageni, na sikulichoka hata siku moja. Limetengenezwa kwa titani, metali isiyoyeyuka upesi, vibakuli viwili vimelehemewa vikawa kitu kimoja, na mshono wake ni mwembamba hata ukucha hauuoni. Ndani yake ilijazwa gesi ya heli kwa shinikizo kubwa, ili isukume mafuta kwenda kwenye injini, kwa sababu huko juu hakuna kitu kinachotiririka chenyewe. Kazi ilipokwisha, roketi ile ilianguka, ikawaka hewani. Aluminiamu iliyeyuka, nyaya zikawa moshi. Tufe likapita katika moto ule, likaangukia bahari, na kwa kuwa ndani ni tupu, likaelea mpaka Jego. Halafu likapigwa kwa nondo kila siku ya chuo kwa miaka, na halikupasuka. Mnaweza kuona vidonda vidogo vya nondo ubavuni. Mimi huwaona wale mafundi wasiojulikana, huko kwao, wakilehemu kwa utulivu kitu walichojua hakitarudi, na bado wakakilehemu vile. Watu wa namna hiyo nawavulia kofia, ingawa mimi ni mtu wa buibui.

Wageni walikuwa na maswali yao. Wazee walitaka kujua kama kweli watu walifika mwezini, na wengi walikwisha kujijibu kabla ya kuuliza. Kila mwisho wa Ramadhani kulikuwa na mtu wa kunipigia simu aulize kama mwezi umeandama, maadamu mimi ni mtu wa anga. Nikawajibu watoke nje watazame, kama mimi.

Siku moja alikuja Maalim Hamisi mwenyewe. Alikuwa mzee sana, ameletwa na binti yake, Bi. Mwanasha. Akalisalimu tufe kama mtu anayemsalimu mwanafunzi wake wa zamani. Kisha akainamia lebo, akaisoma kwa sauti ya chini mpaka mwisho. Nilikuwa nimesimama pembeni. Alipomaliza alinitazama, akatabasamu kidogo.

"Mnalitunza vyema. Allah awajazi," akasema, akatoka.

Hakunikemea, wala hakuniuliza kitu. Nilijifungia ghalani nikalia. Miezi michache baadaye tukasikia amefariki.

Bwana Nyawa alipostaafu alinipa kioo chake cha kukuzia na spana moja yenye kamba. Akiwa mlangoni akasema, "Lile tufe bado linakungoja, Riziki." Sikumwuliza ana maana gani. Naye aliaga dunia kabla sijalifanya alilolingojea.

Mngeniuliza kwa nini sikwenda Jego kuulizia alama zile. Chuo kizima cha watoto waliziona kila siku, huenda mmoja wao alikumbuka. Lakini ningefika pale niulize nini? Alama mlizozifuta ziko wapi? Uongo ule ulinifungia njia. Nikawa nakwenda Lunga Lunga kikazi, nikifika njia panda ya Jego nageuza uso.

Aliyenifungua ni Mercy, ambaye nyote mnamfahamu, mwenzetu wa Ukunda aliyetoka bara na haraka zake. Mwaka wangu wa mwisho, makao makuu waliandika kwamba Chumba cha Anga kitapangwa upya, na kitu ambacho asili yake haijulikani kitahamishiwa ghalani. Mercy alipiga picha tufe, akazituma kwa wataalamu wa nchi za nje. Wakamjibu kwamba ni la kweli, la thamani, lakini nchi mbili zilitengeneza matufe ya namna ile, na bila namba hawawezi kusema.

"Bi Riziki, hii kitu itaenda store, itawekwa kwa box, na hiyo ndiyo mwisho," Mercy alinambia. "Na si fault yako. Ni hao watoto wa Jego."

Nilihisi kama nimemwagiwa maji. Yule binti alikuwa hajazaliwa niliposema uongo ule, na sasa ulikuwa unatoka kinywani mwake ukiwa safi, kama jambo la hakika. Nikaona kwamba nikiondoka nikanyamaza, utaendelea kusemwa na watu wema. Nikamwambia anitolee gari. Njiani, Shimba Hills ikiwa imebaki nyuma yetu upande wa kulia, nikamweleza yote. Tukafika njia panda. Halafu akauliza, "Ndimu nane?" Nikamwambia nane.

Bi. Mwanasha tulimkuta barazani anachambua mchele. Tulipiga hodi, tukakaribishwa, tukaulizana hali, ya wazima na ya waliotangulia mbele ya haki. Nikaogopa kwamba nikiendelea kuulizana hali jua litatua. Nikasema.

"Dada, nimekuja kuomba radhi. Lebo ile inasema alama zilifutika Jego. Si kweli. Nilizifuta mimi, kwa jivu na ndimu, nikawasingizia ninyi."

Aliendelea kuchambua mchele. Akatoa jiwe dogo, akalitupa.

"Baba alijua," akasema. "Siku tulipotoka kwenu nilikuwa na hasira, nikamwambia, baba, si ukawaambie? Akanambia, yule mwanamke ameiona ile lebo kuliko mimi. Mwache, atakuja."

Mercy akanishika mkono.

Bi. Mwanasha akainuka, akaingia ndani, akatoka na daftari la jalada gumu limefungwa katika kitambaa. Akatueleza kwamba mali ya kuokota ina sheria yake. Mwenye kuiokota huandika sifa zake, kisha huitangaza mwaka mzima, lakini sifa hazisemi, ili akija wa kudai azitaje mwenyewe. Maalim Hamisi alilitangaza tufe lile kila Ijumaa kwa mwaka mzima, baada ya sala. "Kimeokotwa kitu cha chuma, mwenyewe ajitokeze." Mwaka ulipotimia ndipo alipolifanya kengele, akiwa ameweka nia kwamba mwenyewe akija atarudishiwa. Ndiyo maana kwetu aliandika amana. Hakuwa na haki ya kutoa zawadi kisichokuwa chake.

"Basi sifa zake zimo humu," Bi. Mwanasha akasema. "Sijamfungulia mtu. Taja unachokumbuka."

Nikafumba macho. Nikayaona yale makumbi, jasho langu, na vimistari vikikataa kutoka. Nikamwambia kulikuwa na safu mbili, ya juu fupi, ya chini ndefu. Mwanzo wa safu ya chini kulikuwa na umbo kama ndoana. Mwisho wake, maduara mawili yamegusana.

Akafungua. Maalim alikuwa ameandika kwa herufi za Kiarabu, mkono mzuri: uzito wake kwa kulinganisha na mtungi wa maji, midomo yake miwili, na sauti yake ikigongwa. Chini ya hayo alikuwa amezichora zile alama, moja moja, kama zilivyokuwa, kwa subira ya mtu anayenakili maneno ya dini katika lugha asiyoijua. Safu mbili. Ndoana ilikuwepo. Maduara mawili yalikuwepo.

"Zimefanana," akasema Bi. Mwanasha, akanisogezea daftari.

Nimeshika vitu vilivyozunguka dunia. Hakuna nilichowahi kukithamini kama ukurasa ule. Jambo la kwanza nililofanya nilitoa glavu mkobani nikavaa, na Bi. Mwanasha akacheka mpaka mchele ukamwagika.

Mercy alituma namba. Jibu lilikuja baada ya majuma machache, na sasa tunajua tufe lilitengenezwa wapi na lilibebwa na roketi gani. Waliandika pia kwamba kwa mapatano ya mataifa, kitu kilichoanguka kutoka angani hubaki mali ya aliyekirusha, popote kitakapookotwa, na akikidai hurudishiwa. Nilipomsomea Bi. Mwanasha kwa simu alisema, "Kumbe nao wana sheria hiyo?" kama mtu aliyesikia kuwa jirani naye anapika kwa nazi. Wenyewe wakasema hawakidai, kibaki kilipotunzwa. Basi tufe halikwenda ghalani. Limewekwa katikati ya chumba, na nakala ya ukurasa wa Maalim Hamisi pembeni yake.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa lebo. Nimeandika lebo nyingi maishani, hii ilinichukua siku nne. Inasema tufe ni nini, lilifanya kazi gani, lilipita wapi. Inasema lilitangazwa Jego mwaka mzima, na sifa zake zikahifadhiwa na Maalim Hamisi, ambaye bila yeye tusingejua lolote. Mwisho wake unasema: "Alama za asili zilifutwa katika makumbusho haya na msaidizi wa mhifadhi, Riziki wa Waa, wiki yake ya kwanza kazini, kwa jivu na ndimu." Mkubwa mmoja alishauri sentensi hiyo iondolewe, eti haileti heshima. Nikamjibu kwamba iliyoondoa heshima ilikwisha kutundikwa pale miaka yote.

Siku niliyokabidhi funguo, Bi. Mwanasha alikuja na wanafunzi wa chuo cha baba yake. Alisimama mbele ya tufe akawasomea lebo yote kwa sauti, neno kwa neno. Nilikuwa pale pale pembeni niliposimama siku ya Maalim. Alipofika kwenye sentensi ya mwisho aliisoma bila haraka, kisha akageuka, akanitafuta kwa macho.

"Mmesikia, wanangu?" akawaambia. "Zilikuwa ndimu za Waa."